Pwani ya Wanawake

Nilipoolewa na kuletwa Mji wa Kale sikujua kuogelea. Nilizaliwa Majengo, kisiwa hiki hiki, lakini kwetu bahari ilikuwa kitu cha kuvuka ukienda ng'ambo, si kitu cha kuingia na nguo zako. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alipojua hivyo alinitazama kwa huruma, kama aliyeambiwa kwamba bibi harusi hawezi kupika wali.  Fungate ilipokwisha, asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri, aligonga mlango wa chumba chetu akaniambia nivae dera kuukuu, nijitande leso, nimfuate.

Uchochoro ulio nyuma ya nyumba yetu unashuka kutoka Ndia Kuu hadi kwenye ukuta wa mawe. Katika ukuta huo palikuwa na mlango mdogo wa mbao, na nyuma ya mlango ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zikiteremka mpaka kwenye kijighuba kilichojificha. Mwamba umetokeza pande zote mbili kama mikono ya kiti, hata aliye kwenye mashua bandarini haoni kitu. Mchanga wenyewe ni mdogo, wa kutosha kutandika mikeka michache. Maji yakijaa yanamfika mtu mzima kifuani. Yakipwa unaona mawe, mwani, na visamaki vilivyobaki kwenye vidimbwi. Mtaa mzima ulipaita pwani ya wanawake.

Hakuna aliyetuandikia kwamba ni petu. Wanaume walijua tu. Mume wangu aliniambia kwamba naye alikuwa akishuka pale na mamake alipokuwa mdogo, yeye na mtoto wa jirani yetu wa mbele, mpaka mwaka walioanza kufunga Ramadhani. Hapo wakaambiwa basi, wakaoge na wanaume wenzao upande wa pili. Alilia siku nzima, akasema, na mwenzake akamcheka, kisha naye akalia.

Asubuhi ile ya kwanza niliwakuta wanawake wamekwisha kuingia majini, vizee kwa vigoli, leso zimewavimba mabegani. Mavyaa alinishika mkono akawaambia, "Huyu ndiye mke wa mwanangu. Maji hayajui, msimcheke." Wakacheka. Aliniingiza mpaka kiunoni, akanilaza chali, akaweka kiganja chini ya kisogo changu.

"Legea," aliniambia. "Wajishika kama mtu aliyekaribishwa kwa wageni."

Nilimeza maji mengi siku hiyo na siku zilizofuata. Lakini nilipopata mimba ya kwanza nilikuwa naweza kuogelea hadi ncha ya mwamba na kurudi, na nilipotoka arubaini ya uzazi pale ndipo nilipopelekwa kwanza, kabla sijakwenda kwa mamangu Majengo. Walinikanda kiuno majini, wakanimwagia maji kichwani, wakapokezana mtoto. Sijapata kupumzika tena namna ile maishani.

Pwani hiyo ilikuwa na kazi yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapopwa sana, tulikuwa tukishuka na mafagio ya chelewa na magunia. Tuliokota chupa, mifuko, vipande vya nyavu, kila takataka iliyoletwa na mkondo kutoka kwingine. Wengine walipangusa utelezi wa ngazi kwa mchanga na makumbi ya nazi, kwa sababu kikongwe mmoja aliwahi kuteleza pale akavunjika nyonga. Mavyaa ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakuchaguliwa. Mavyaa wake yeye alikuwa akifanya hivyo, akazeeka, akamwachia. Alikataza sabuni majini, alikataza kufua, na mtoto akijisaidia mchangani mamake ilimbidi apande naye juu na uchafu wake. Siku moja msichana wa kazi wa nyumba moja alimwaga matumbo ya samaki kutoka juu ya ukuta. Mavyaa hakumgombeza. Alimwita ashuke, akampa gunia, akaokota pamoja naye mpaka mwisho. Msichana yule baadaye alikuwa wa kwanza kufika kila siku ya kufagia.

Tukimaliza tulikuwa tukikaa ngazini, tukila mahamri na mbaazi zilizoletwa ndani ya masufuria yaliyofungwa vitambaa. Hapo ndipo habari za mtaa zilipopita: nani yu kitandani, nyumba gani haijawasha moto, nani amerudi kwao akiwa amenuna na nani aende akazungumze naye. Waliokuwa hawasemezani walikuja vilevile, na mara nyingi waliondoka wakisemezana. Ni vigumu kumnunia mtu mkiwa nyote wawili mmelowa.

Rafiki mkubwa wa mavyaa alikuwa jirani huyo wa mbele. Walikuja mtaani mabibi harusi karibu wakati mmoja, mavyaa kutoka Kibokoni, jirani akiolewa katika ukoo wa Kiarabu uliokuwa na duka la ubani na udi tangu zamani. Jirani alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na ngazi zilikuwa zake. Hakuna aliyeruhusiwa kuzipangusa bila yeye kuja kuzipitia kwa nyayo zake. Mumewe alipofariki duka lilifungwa, na mwanawe, yule aliyelia na mume wangu wakiwa wadogo, akaenda Uarabuni kutafuta kazi.

Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe na boriti, kama yetu. Masika moja boriti za nyuma ziliachia, dari ya chumba cha wageni ikaanguka. Hakuumia mtu. Mwanawe alirudi kutoka Uarabuni akaizunguka nyumba, akagonga kuta, akasema haitengenezeki. Sikumwona mtu aliyembishia. Sote tulikuwa na boriti zetu tulizokuwa tukizitazama kwa wasiwasi mvua ikinyesha. Ilipobomolewa jirani alikuja kukaa kwetu mpaka ujenzi ulipokwisha, akilala chumba kimoja na mavyaa, na usiku tuliwasikia wakicheka kama wasichana wa madrasa. Alituambia kwamba mwanawe anajenga fleti, kwamba yeye atapewa ya juu kabisa, na kwamba kutoka huko ataiona pwani yetu na atakuwa akitupigia kelele akiona takataka.

Bomba nililiona mimi. Maji yalikuwa yamepwa, nami nilikuwa nikiokota upande wa kushoto wa mwamba, nikaona mdomo wa bomba nene la kijivu umetokeza chini ya ukuta. Nilimwita mavyaa. Mavyaa akamwita jirani. Jirani aliliinamia, akalishika, akasema kwa hakika ni la maji ya mvua, maana paa la jumba lile ni kubwa na maji yake lazima yapate pa kwendea. Tuliridhika. Tulirudi kufagia.

Wapangaji walipoingia, pwani ikaanza kunuka.

Mwanzoni ilikuwa harufu ya kuja na kuondoka. Maji yakijaa vizuri huisikii. Mavyaa aliamuru tuwe tukishuka maji yakiwa yanajaa tu, wala si yakipwa, na kwa muda hilo likasaidia. Kisha tukaanza kuona povu kwenye vidimbwi, na vitu ambavyo sina haja ya kuvitaja. Mwani wa upande ule ukageuka kamasi. Visamaki vikatoweka, na hilo tuliligundua kwa kuchelewa, kwa sababu hakuna anayeamka akasema leo nahesabu visamaki.

Mavyaa aliniambia nivae buibui twende. Tulipanda ngazi za jumba jipya mpaka kwenye fleti ya mwana wa jirani. Alitupokea kwa adabu zote. Alimbusu mavyaa mkono, akamketisha kwenye kochi kubwa, akatuletea maji ya ukwaju mwenyewe badala ya kumtuma mkewe. Walisabahiana kirefu, wakaulizana hali za watu wote, hai na waliofariki. Ndipo mavyaa akasema alilojia.

Hakukana. Alisema shimo la choo limechimbwa, lakini chini ni jiwe tupu, mafundi walichoka kabla ya kufika pa maana, kwa hiyo linajaa upesi. Gari la kunyonya uchafu aliliita, likaja mpaka barabarani, likashindwa kuingia uchochoroni, na mpira wake haukufika. Bomba ndilo lililokuwa limebaki. Alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Niambie nifanye nini, mama, nitafanya."

"Usiyamwage pwani," alisema mavyaa.

Mwana wa jirani aliinua kichwa. Kisha akauliza, na naapa hakuuliza kwa ufidhuli, "Na choo chenu, mama, chaenda wapi?"

Mavyaa alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Sikujua. Nyumba yetu ina shimo lililochimbwa kabla ya sisi sote kuzaliwa, na halijapata kujaa. Siku zote tulilihesabu jambo hilo kuwa ni baraka.

Tulirudi nyumbani. Jioni mavyaa alimwambia mume wangu amlete fundi alitazame shimo letu. Fundi alitumbukiza mti mrefu, akasikiliza, akatueleza kwamba chini mwamba una nyufa, na kwamba mashimo yote ya mtaa ule yananywewa na mwamba mpaka baharini. Ni hivyo tangu zamani. Tofauti ni kwamba zamani nyumba moja ilikuwa na watu wachache, na mwamba ulikuwa ukichuja polepole. Sasa kulikuwa na familia juu ya familia, na bomba halichuji kitu. Nilimwona mavyaa akiketi kwenye ukingo wa kitanda chake baada ya fundi kuondoka. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba hatutashinda. Mimi nilichukua muda zaidi.

Mimi ndiye niliyewakusanya wanawake twende afisi ya afya ya mji. Mume wangu hakupenda. Yeye ni karani katika godauni moja huko Shimanzi, na anajua afisi zilivyo. Zaidi ya hayo, aliyekuwa akishtakiwa ni mtu aliyekua naye. Aliniambia niende nikitaka, lakini jina lake lisitajwe. Tulikwenda, tukaketi kwenye mabenchi, tukapelekwa chumba hiki na kile. Hatimaye walikuja vijana wawili waliovaa mabuti, wakapiga picha, wakaziba pua, wakatuambia tuna haki. Wakamwandikia mwenye jumba onyo. Tulishukuru sana. Tuliwapa chai.

Baada ya hapo mafundi walikuja kulishughulikia bomba, nasi tulikaa juu ya ukuta tukisikia nyundo na kufurahi. Waliliongeza urefu. Walilipitisha chini ya maji, wakalifunika kwa zege, hata ukishuka maji yakipwa huoni kitu. Onyo lilikuwa limesema bomba lisionekane likimwaga pwani, na sasa halikuonekana. Uchafu ulitoka mbali kidogo, mkondo ukaurudisha pale pale.

Wanawake hawakuacha wote kwa pamoja. Msichana mmoja alitokwa na upele shingoni, mwengine sikio likamvimba. Mama mmoja kijana, aliyetoka arubaini kama nilivyotoka mimi, alipata homa kali siku ya pili baada ya kuogeshwa pwani. Alipona, lakini mamake alikuja kwetu, akasimama mlangoni bila kuketi, akamwambia mavyaa kwamba amesamehe, ila binti yake asiitwe tena. Mavyaa akasema haya. Siku ile hakula.

Binti yangu wa pekee alikuwa mdogo wakati huo, amefika umri wa kufundishwa maji. Nilimzuia mwenyewe. Ukimwuliza leo kuhusu pwani ile anakumbuka harufu tu.

Siku ya mwisho ya kufagia tulikuwa watatu: mavyaa, mimi, na yule aliyewahi kuwa msichana wa kazi, ambaye sasa alikuwa na watoto wake. Tulikuwa tumekwisha kuanza tuliposikia mtu akishuka polepole. Alikuwa jirani, na fagio lake mkononi. Hatukuwa tumemwona pwani tangu wapangaji waingie. Alitusabahi. Mwenzetu aligeuka akaendelea kuokota. Mimi pia sikujibu, na sikuona haya, kwa kuwa nilikuwa na hasira. Mavyaa ndiye aliyeitika, "Sabalkheri. U hali gani?"

Jirani alishuka ngazi ya mwisho. Alisema, "Nimemwambia. Nimemlilia, wallahi. Aniuliza wapangaji awapeleke wapi, na deni alolijengea alilipe kwa kitu gani. Mimi nilale wapi, aniuliza."

"Najua," alisema mavyaa.

"Nami niko juu pale, nikivuta maji chooni nasikia yakishuka. Kila siku nayasikia."

Mavyaa alimsogelea, akamwonyesha kwa fagio ngazi za chini zilizokuwa zimeota utelezi mweusi. "Anza huko," akamwambia. "Wewe ndiwe wazijua."

Wakafagia wote wawili kwa muda mrefu. Hakuna aliyeleta mahamri. Jirani alipomaliza alizipitia ngazi kwa nyayo zake moja moja kama desturi yake, akapanda, akaenda. Hakurudi tena, wala mwenzetu yule hakurudi, na mimi nikaacha baada yao.

Mavyaa aliendelea peke yake. Alikuwa akiamka alfajiri, akiswali, akijitanda leso, akishuka. Nilimsihi, mume wangu alimsihi. Alikuwa mgonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na daktari alikuwa amemwonya kuhusu vidonda. Alisema anaingia upande wa kulia tu, ambako maji ni mazima. Hapakuwa na upande uliokuwa mzima. Aliporudi siku moja na mkato mdogo kwenye kifundo cha mguu, labda wa chaza, nilimwosha kwa dawa nikamfunga, nikadhani umekwisha. Haukupona. Uliingia ndani, ukanuka, na kila tulipompeleka hospitali kusafishwa kidonda waliuliza kama ameingia maji machafu, naye akasema hapana, ameingia baharini.

Ndipo mume wangu akanunua kufuli. Alilitia kwenye ule mlango wa ukutani mwenyewe, mchana, watu wakimwona. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa hapakuwa na mwengine aliyekuwa akipita pale. Asubuhi iliyofuata nilimsikia mavyaa akitoka, akakaa muda kidogo huko nje, akarudi. Mume wangu alikuwa akinywa chai. Mavyaa aliketi mbele yake.

"Umenifungia, mwanangu."

"Mama, mguu utakatwa."

"Wangu?"

"Wako, mama."

"Basi ungeniuliza," alisema. Hakulitaja tena.

Akawa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha la nyuma. Haikuwa kwamba amekasirika. Alizungumza ukimzungumzisha, alikula kidogo, alimsikiliza binti yangu akisoma. Lakini alipungua. Nilikuwa nimemzoea mwanamke aliyejua kila mgonjwa wa mtaa, na sasa nilikuwa nikimletea habari za watu wa nyumba ya tatu naye ananiuliza ni akina nani.

Nikafikiri anakosa maji. Hivyo nilichukua mitungi miwili, nikapanda tuktuk mpaka feri, nikavuka Likoni, nikatafuta upande unaotazama bahari kuu. Nilijaza pale ambapo watu walikuwa wakiogelea na watoto wao. Hamali mmoja alinibebea mpaka ferini, akaniuliza kama maji ya chumvi ni ya dawa. Nilimwambia ndiyo. Sikujua namna nyingine ya kumwambia kwamba ninakaa penye bahari hata naisikia usiku, na nimevuka feri kwenda kuiteka.

Nilimketisha mavyaa kwenye kigoda bafuni. Niliufunga mguu wake kwa mfuko wa plastiki usiingie maji, nikammwagia mabegani kwa kata, taratibu. Alifumba macho. Alilamba mdomo.

"Haya ya wapi?"

"Ya Likoni, mama. Yale safi."

Aliniacha nimalize mtungi wa kwanza. Nilipofungua wa pili aliushika mkono wangu.

"Yatosha. Usijisumbue tena," akasema. "Si kwamba mabaya. Mimi nalikuwa n'kienda kule kuonana na watu."

Nilimfuta, nikamvisha. Mtungi wa pili ulikaa bafuni mpaka nilipoyamwaga maji yake chini, kwenye tundu, yakaenda yaendako.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Hakulalamika. Alirudi nyumbani, akaishi mpaka baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, akafariki mchana mmoja nikiwa jikoni. Nilidhani amelala.

Walikuja kumwosha. Kuosha maiti wa kike mtaani kwetu kulikuwa kazi ya wanawake wale wale wa pwani, wale wakubwa, na wengi wao nilikuwa sijawatia machoni kwa muda mrefu ingawa tunakaa vichochoro jirani. Jirani alikuwa mmoja wao. Alisaidiwa kushuka ngazi za jumba lake, akaja akaketi upande wa kichwa. Walifanya kazi yao kwa upole, wakinong'onezana mahali pa maji na mahali pa kitambaa, na mikono yao ilijuana. Nilisimama pembeni nikiwa na ndoo. Nilifikiri: wote wako hapa. Yule aliyepata homa, mamake, yule aliyekuwa msichana wa kazi. Hata nikajidanganya kwamba kuna kitu kinaanza upya.

Matanga yalipokwisha, mmoja wao aliniambia mlangoni kwamba tusiachane hivi, tuwe tukikutana, hata kama si pwani, hata kwenye baraza la mtu. Nikasema ndiyo. Wote wakasema ndiyo. Nilingoja anayefaa kuwaita. Aliyekuwa akiita amekwisha kuzikwa, na mimi nilijaribu mara moja: niliandaa mahamri, nikapeleka salamu. Walikuja wawili. Tulizungumza kuhusu ada za shule, kisha kila mmoja akawa na simu ya kupokea.

Sasa kuna majumba mengine. Nyumba iliyokuwa upande wa kulia wa uchochoro imebomolewa, na ya nyuma yake inabomolewa. Kila moja ina bomba lake. Watu wanatupa mifuko ya taka juu ya ukuta, kwa kuwa mlango haufunguki na gari la taka halifiki, na ukisimama karibu huoni ngazi tena. Simlaumu mwana wa jirani kwa haya. Aliyofanya yeye wanayafanya wote, na wanayafanya kwa sababu zile zile, na ukiwasikiliza mmoja mmoja kila mmoja ana shimo lililogonga jiwe.

Wiki chache zilizopita nilikutana na jirani sokoni Marikiti. Alikuwa kwenye meza ya mbogamboga, ameshikwa mkono na mjukuu, akibonyeza nyanya. Amekonda, na sauti yake imekuwa ndogo. Tulisabahiana, tukaulizana hali, tukalaumu nyanya. Kisha akamtuma mjukuu akaulize bei ya bamia, akaniinamia.

"Mwanangu aniambia niwaulize," alisema. "Kama nyumba mwaiuza."

Nilimwambia nitamwuliza mume wangu. Nilidhani atakasirika. Jioni nilimwambia, akaacha kula, akatazama juu kwenye boriti, pale ambapo tumeweka nguzo ya chuma kuzishikilia. Akasema kwamba yeye na mwana wa jirani wamekwisha kulizungumza, msikitini, zaidi ya mara moja, na alikuwa akitafuta namna ya kuniambia. Alikuwa ameona nyumba Kisauni, ya vyumba vitatu, ina geti. Binti yetu amefurahi, kwa kuwa chuo chake kiko karibu na huko.

"Wewe wasemaje?" aliniuliza.

Nilitaka kusema kitu kuhusu mamake, lakini nilipotafuta kilikuwa nini, sikukipata. Nikamwambia sawa. Kesho yake nilienda kuomba maboksi dukani, nikaanza na vyombo vya kabati la juu, vile ambavyo hatuvitumii.